Sarafu kongwe yenye sura ya ajabu: namna ya kujua ni ya kweli au ya kughushi

Mwaka juzi mpwa wangu alitoka Wete akaniletea sarafu mbili, kazifunga kwenye pembe ya leso kama bibi zetu walivyokuwa wakifunga pesa kwenye ncha ya kanga. Moja ilikuwa nzuri hata ukaionea raha: nene, nzito, rangi ya shaba iliyotulia, upande mmoja miungu ya Kihindi imesimama safu, upande wa pili maandishi ya East India Company, ile kampuni ya Waingereza iliyoitawala India, na mwaka 1818. Ya pili ilikuwa mbovu. Shaba ya manjano, duara halikukaa sawa, taji limekwenda upande, na tarakimu za 1916 kama zimepigwa na mtu aliyeambiwa jahazi linaondoka.

"Mjomba, hii nzuri nimenunua elfu arubaini," akaniambia. "Hii nyengine nimepewa bakhshishi. Mwenyewe kasema feki."

Muuzaji alikosea mara mbili, au alikosea mara moja na mara ya pili alijua analolifanya. Ile nzuri haijapata kuwa sarafu hata siku moja. Ile mbovu ni heller 20 ya Mjerumani, iliyopigwa Tabora, ya kweli kabisa, na ubovu wake una sababu nitakayoieleza mbele.

Naandika haya kwa mtu anayeanza kukusanya, aliyeokota kitu kwenye kasha la marehemu bibi au aliyeuziwa kitu vichochoroni Mji Mkongwe, na sasa anakigeuzageuza hajui akiamini au asikiamini. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuuliza "hii ya kweli?" kabla ya kuuliza "hii ni nini?" Huwezi kuiita sarafu bandia mpaka ujue inadai kuwa sarafu gani. Ukishalijua dai lake, kazi iliyobaki ni kupima tu.

Vya kuwa navyo si vingi. Mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma mpaka nukta mbili za gramu (0.01), ambayo siku hizi wauza simu wengi wanaweza kukuagizia. Venia ya fundi, kile kipimo cha kubana cha kupimia upana, au rula nzuri. Kioo cha kukuzia cha mara 10, kile cha sonara. Tochi ya simu, sumaku ndogo yenye nguvu, uzi, na kikombe cha maji. Mizani yako usiiamini hivi hivi: vuta maji mililita 10 kwa bomba la sindano, yamimine ndani ya kikombe ulichokwisha kukipima. Kama mizani haikuongeza gramu 10 au karibu sana na hapo, irejeshe dukani.

Kwanza, weka ndimu mbali

Sisi tumelelewa kung'arisha. Sinia la shaba, birika, buli la siku ya arusi: ndimu, chumvi na jivu mpaka ujione uso. Sarafu si sinia. Ile rangi ya uzee, kijani kilichokolea au weusi uliojaa kwenye mabonde ya herufi, ndiyo shahidi wako mkuu, na ukiisugua umemuua shahidi kabla ya kesi. Bei nayo inaanguka hapo hapo, kwa sababu mkusanyaji yeyote mzoefu akiona mng'aro wa ndimu anarudisha mkono mfukoni.

Kama ina udongo hata husomi kitu, iloweke kwenye maji safi usiku mmoja, ubadilishe maji, kisha iwekee kitambaa laini cha pamba juu yake kinyonye. Usifute wala usikwangue. Na uishike kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho la vidole vya watu wa pwani lina chumvi ya kutosha kuacha alama.

Pili, ipe jina

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Bahati yetu ni kwamba Unguja na Pemba hazikuzungukwa na sarafu za aina elfu. Ni koo chache, na ukizijua hizo umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Hata lugha yetu imezihifadhi: "pesa" imetoka India, "hela" ni ile heller ya Mjerumani, na "rupia" mpaka leo ipo kwenye midomo ya wazee.

Anza na pesa ya mizani, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ni ya shaba, ya Sayyid Barghash bin Said. Upande mmoja jina lake kwa Kiarabu, upande wa pili mizani na mwaka: 1299 au 1304. Kipenyo ni kama milimita 25, uzito gramu 6 na kidogo. Kama huzisomi tarakimu za Kiarabu, mtoto yeyote wa chuoni atakusomea. Kuugeuza mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Kwa hiyo 1299 inakupa 1882, na Barghash alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888, basi mwaka na mfalme wanakubaliana. Fanya hesabu hii kila mara. Wanaoghushi wengi hawaifanyi, na sarafu yenye jina la mtawala na mwaka ambao hakuwa kitini imejishitaki yenyewe.

Usiichanganye na pesa ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kwani nayo ina mizani. Nimewaona watu wazima wakibishana barazani nusu ya adhuhuri juu ya "pesa ya Barghash yenye Kizungu". Hakuna cha kubishania: ni sarafu mbili tofauti, zote za kweli.

Kisha kuna pesa ya Muscat ya 1315, ya Sayyid Faisal bin Turki, iliyoandikwa kwa herufi za Kizungu FESSUL BIN TURKEE. Anayeanza akiliona jina limeandikwa vile anacheka na kuitupa: eti serikali gani hiyo inakosea jina la mfalme wake? Ndivyo lilivyoandikwa. Tahajia ya ajabu si dalili ya kughushi mpaka uhakikishe kwamba sarafu nyengine za aina ile hazina ajabu hilo hilo.

Robo ana, sarafu ndogo ya India, ya East India Company ya 1835 nayo ilitumika sana huku: shaba, gramu 6.48, na nembo ya kampuni yenye simba wawili. Kwa kuilinganisha na hii, ile "sarafu" ya 1818 ya mpwa wangu inaanguka mara moja. Vile vipande vyenye Rama, Sita au Hanuman upande mmoja na jina la kampuni upande wa pili havikupigwa na kampuni. Ni vitu vya mahekalu na vya kuuzia wageni, vingine vimetengenezwa juzi juzi, na mwaka uliopigwa juu yake hauna maana yoyote. Huko India vimezungukwa na utapeli mkubwa, kwamba vinavuta mchele kama sumaku inavyovuta chuma na kwamba kuna matajiri wanavitafuta kwa mamilioni. Hadithi hizo zimekwisha kuvuka bahari. Mtu akikutajia mchele, zebaki au "tajiri anakuja kesho na ndege", funga leso yako uende zako.

Rupia ni ukoo mwengine. Ya Victoria, ya Edward, ya George, na ile ya Mjerumani yenye Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Hii ya Mjerumani ilianza 1890 kwa jina la kampuni yao, na kuanzia 1904 ikabeba maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA. Zote hizi zina siri moja nzuri ambayo sonara anaijua bila ya kufundishwa. Nitaifikia.

Riale je? Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo wazee waliiita riale ya Sham, ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu kila moja imeandikwa 1780. Kila moja. Malkia mwenyewe alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uarabuni na mwambao wetu waliipenda sarafu ile na hawakutaka nyengine, basi ikaendelea kupigwa vile vile kwa mwaka ule ule: Vienna, baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham, hata Bombay. Kwa hiyo riale ya 1780 iliyopigwa miaka 150 baadaye si ya kughushi. Ni ya serikali, ni fedha halali, ila si ya zamani kama inavyosema. Ukimwambia muuzaji "hii si ya 1780" na yeye akaapa kwamba ni ya 1780, huenda nyote wawili mna haki. Ipo pia riale ya mzinga, ya Mspania, iliyoitwa hivyo kwa sababu zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake watu wetu waliziona ni mizinga. Hiyo ni nyepesi kidogo, kama gramu 27.

Na mwisho zile za kale hasa. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, yalifukuliwa mafungu ya vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, na vipo humo vyenye majina ya watawala wa mwambao wetu wa karibu miaka elfu iliyopita, kama Ali bin al-Hasan. Ni vidogo mno, vyembamba, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, kama beti ya shairi. Za Kilwa za shaba zina desturi hiyo hiyo. Basi mtu akikuletea "sarafu ya Kilwa" pana kama shilingi, nzito, picha ya jahazi katikati, huna haja ya mizani.

Tatu, mizani na tola

Sasa unajua inadai kuwa nini. Ipime mara tatu, uandike.

Ile siri ya rupia ni hii: rupia ya fedha ilifanywa iwe na uzito wa tola moja, gramu 11.66. Sonara wetu mpaka leo wengi wanahesabu kwa tola. Nenda na rupia yako, iweke kwenye sahani ya mizani yake, na jiwe la tola moja au namba yake upande wa pili. Rupia iliyotumika miaka mingi itapungua robo gramu, pengine zaidi kidogo, kwa kusagika mifukoni. Lakini rupia ya gramu 9 si rupia iliyochakaa. Ni kitu chengine. Na rupia iliyozidi 11.66 kwa gramu nzima ndiyo ya kushuku zaidi, kwa sababu matumizi hupunguza tu, hayaongezi.

Riale ya Maria Theresa ni gramu 28.07, na wazee waliihesabu wakia moja kwa uzito wa riale moja. Kipenyo ni kama milimita 40. Mimi mwenyewe riale yangu ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi wa njiani, jioni, taa za Forodhani zimekwisha kuwashwa, sikuwa na mizani wala akili. Ilikuwa nyeupe, pana sawa sawa, uso wa malkia umejaa. Nyumbani ikapima 23.4. Nikajidanganya kwa wiki nzima kwamba "imechakaa". Gramu karibu tano haziondoki kwa kuchakaa huku nywele za malkia zingali zinahesabika.

Kuna sarafu ambazo mizani haina la kusema juu yake, na ile ya Tabora ni mojawapo. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamekatiwa bahari na manowari za Waingereza, fedha za chenji zimewaishia, basi wakapiga heller 5 na heller 20 ndani ya karakana ya reli, kwa shaba yoyote waliyoipata. Uzito wa heller 20 unapanda na kushuka ovyo, kutoka kama gramu 8 mpaka kupita 12. Mataji yake hayalingani hata kati ya muhuri mmoja (chuma kinachopiga picha juu ya sarafu) na mwengine. Kwa hiyo ukiipima ikakupa 9.7 hujajua kitu, na hapo lazima kioo kifanye kazi peke yake.

Nne, kikombe cha maji

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Kinakwambia madini ya ndani, si rangi ya juu.

Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote ndani ya maji, isiguse chini wala pembeni, uishikilie ikining'inia hapo. Vipovu vikishika juu yake, itikise kidogo viondoke. Mizani itaonyesha namba ndogo. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, uugawe kwa namba ile.

Riale ya kweli: 28.07 kwa 2.75, unapata 10.2. Hiyo ni fedha ya 833 kwa elfu iliyochanganywa na shaba, kama inavyotakiwa. Riale yangu ya Forodhani: 23.4 kwa 2.75 hiyo hiyo, inatoka 8.5. Hiyo ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha juu. Angalia kwamba aliyeitengeneza alipatia upana na unene sawa kabisa, ndiyo maana maji yaliyosukumwa ni yale yale. Alichoshindwa ni kuilazimisha shaba iwe nzito kama fedha. Rupia ya fedha ya 917 itakupa karibu 10.3. Shaba nyekundu karibu 8.9. Namba ikikaribia 11, shuku risasi ndani yake.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba sarafu iliyotobolewa tundu nayo inapimika. Tundu linapunguza uzito, lakini linapunguza na maji kwa kiasi hicho hicho, hivyo mgawanyo haubadiliki. Kwa rupia na vitu vidogo uwe na subira, rudia mara tano uchukue wastani, kwa sababu kosa la 0.02 kwenye maji linageuza jawabu zima. Kwa vile vijisarafu vya kale usihangaike. Ni vidogo mno kwa mizani ya nyumbani.

Sumaku ni ya haraka zaidi lakini inajua mambo machache. Fedha, shaba na dhahabu hazivutwi. Ikivutwa "riale" ya fedha, kesi imekwisha. Ila usigeuze hukumu: kutovutwa hakuthibitishi kitu, kwani risasi na shaba ya manjano nazo hazivutwi, na zipo sarafu za halali zinazovutwa, kama rupia ya India ya 1947 ambayo ni nikeli tupu. Sauti ndiyo iliyokuwa kipimo cha wenye maduka zamani, waliirusha riale juu ya meza wakasikiliza. Mimi siirushi. Naiweka juu ya ncha ya kidole, naigonga kwa kalamu: fedha inalia na sauti inakaa, ya kughushi inasema "tap" ikanyamaza. Yenye tundu, ufa au lihamu hailii vizuri hata ikiwa ya kweli, basi usiihukumu kwa sikio tu.

Tano, kioo na ukingo

Sarafu za kweli za zama hizi zilipigwa: kipande cha madini baridi kikawekwa kati ya mihuri miwili kikakandamizwa kwa nguvu. Za kughushi nyingi husubiwa: madini yaliyoyeyuka humiminwa ndani ya kalibu iliyotolewa kwenye sarafu nyengine. Mambo haya mawili yanaacha nyayo tofauti.

Iliyopigwa, herufi zake husimama kama ukuta, uwanja ulio mtupu kati ya herufi na picha huwa bapa na laini, hata kama kuna mikwaruzo. Iliyosubiwa huwa kama sabuni iliyotumika: kila pembe imelegea, herufi zinayeyukia kwenye uwanja. Ukimulika tochi kwa upande, utaona vishimo vya mapovu, vya mviringo, vingine vimekaa katikati ya herufi au kwenye shavu la mfalme. Usivichanganye na shimo la kutu. Kutu haina umbo, inakula kama mchwa, na mara nyingi ndani yake utakuta kijani au weusi. Povu ni duara na ndani yake ni safi. Pia tazama vijipele vilivyoinuka, kwa sababu kalibu yenye kitobo huzaa kipele.

Kisha uigeuze utazame ukingo, mahali ambapo wachache hutazama na ndipo waghushi wanapochoka. Sarafu iliyosubiwa kwa kalibu ya vipande viwili huwa na mstari wa maungio kuzunguka ukingo, na fundi akiuona ataupiga tupa, kwa hiyo utaona mikwaruzo ya tupa badala ya mstari. Riale ya Maria Theresa ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka kuzunguka ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA, pamoja na mapambo. Yangu ya Forodhani ukingo wake ulikuwa laini kama kidole. Ningeugeuza tu pale pale njiani ningejiokoa. Rupia zina meno ukingoni. Yahesabu kwa macho kama yamekaa sawa na hayakukatika ghafla mahali pamoja.

Tazama na namna ilivyochakaa. Kuchakaa huanza kwenye milima: shavu, nywele, kifua, taji. Ikiwa milima ni mikali na mabonde ndiyo yaliyofifia, haikuchakaa, imezaliwa hivyo. Na kama kwenye milima hiyo unaona wekundu au umanjano umechungulia chini ya weupe, hiyo ni rangi ya kupakwa. Kama unazo mbili za aina moja na zote zina mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, urefu mmoja, zimetoka kalibu moja. Sarafu hazizaliwi pacha na kovu.

Ile ya Tabora chini ya kioo ilikuwa na herufi zilizosimama, uwanja bapa, hakuna povu hata moja, na majani ya shada lililochorwa juu yake yamekatika vizuri pale muhuri ulipofika na yamepotea pale usipofika. Ubovu wake wote ulikuwa ubovu wa kupigwa vibaya, si wa kumiminwa.

Ajabu hilo limetoka wapi?

Sasa rudi kwenye lile lililokushitua mwanzo, ujiulize liliingia wakati gani: sarafu ilipopigwa, ilipotumika, au ilipolala.

Ilipopigwa: muhuri uliokwenda upande, picha nusu, upande mmoja umerudia picha ya upande wa pili kinyumenyume. Haya hutokea kweli, na wapo wanaoyapenda kuliko sarafu timamu. Lakini sarafu yenye kichwa pande zote mbili, vyote vikitazama sawa, karibu kila mara ni sarafu mbili zilizokatwa kwa mashine zikaunganishwa. Tafuta mstari mwembamba ndani ya ukingo.

Ilipotumika: hapa kwetu ndipo penye mengi. Riale na rupia zilivaliwa. Zilitobolewa, zikatiwa kitanzi, zikawa mkufu au pambo la mtoto, na kitanzi kilipong'oka kikaacha uvimbe wa lihamu juu ya kichwa cha malkia. Senti za tundu za Afrika Mashariki zilizaliwa na tundu lao na meno ya tembo kulizunguka, lakini rupia ya Victoria yenye tundu imetobolewa na mtu. Chungulia ndani ya tundu lenyewe: la zamani limesuguliwa na uzi na rangi yake inalingana na uso, jipya linang'aa. Kuna na vijichapa vidogo vya wafanyabiashara waliokuwa wakithibitisha fedha, na mikato ya kisu ya kuangalia kama ndani ni fedha. Yote haya yanashusha bei, hayaifanyi kuwa bandia.

Ilipolala: moto huvimbisha, bahari hutafuna, udongo wa pwani hukoroga kijani kizito juu ya shaba. Rangi ya uzee ya kutengenezwa, kwa rangi ya viatu au dawa, huwa ya aina moja kila pahala, na mara nyengine kidole chenye jasho kinaiondoa. Ya kweli ina tabaka, imejaa mabondeni na imepungua milimani.

Kuhusu sonara: mtumie, lakini umwulize swali lake. Yeye atakwambia kama ni fedha, na atakwambia kweli. Hatakwambia kama ni sarafu ya kweli, kwa sababu mtu anaweza kusubu riale bandia kwa fedha safi. Na usimwache aisugue kwenye jiwe lake wala kuitia tindikali. Wengi wao wameshika maelfu ya sarafu za kuyeyusha. Kwao mkwaruzo mmoja si kitu.

Hadithi ya muuzaji isikilize kwa adabu, ukishaondoka uiandike, lakini usiitie kwenye hesabu. "Imetoka kwenye kasha la bibi" inaweza kuwa kweli, na bibi naye alipata kuuziwa.

Kama hadithi yenyewe ni kwamba imefukuliwa Mtambwe, Ras Mkumbuu, Pujini au kwenye gofu jengine lolote, hilo ni jambo jengine kabisa. Kuchimba magofu bila kibali kumekatazwa, na ukinunua unamlipa mtu aendelee kuchimba. Kama umeiokota mwenyewe, piga picha mahali pale pale ilipolala, usifukue zaidi, upeleke habari kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Mwaka 1945 Kajengwa, Makunduchi, lilipatikana fungu la sarafu za Kichina za enzi ya Song, zaidi ya mia moja. Zikitawanywa moja moja Darajani zingekuwa vidude vya ajabu vyenye tundu la mraba. Kwa kupatikana fungu moja, mahali panapojulikana, zikawa habari ya biashara ya karne nyingi.

Ukimaliza kupima, itie ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, si mfuko wa plastiki laini, maana plastiki ile huacha unyevu wa kijani na unyevu wetu wenyewe unatosha. Juu ya bahasha andika uzito, kipenyo, jawabu la maji, ulipoipata, siku, na uliyempa pesa. Ile ya 1818 nilimkataza mpwa wangu kuitupa. Nami riale yangu ya gramu 23.4 ninayo bado, imelala bahasha moja na ya kweli, na kila anayekuja na riale yake nampa hizi mbili kwanza azishike, mkono huu na mkono huu, kabla sijatazama yake.